Nyumba Nimenunua, Mbuzi Sijachinja

Sema Pilipili, dada yangu!

Ejok? Huku ndio tunasalimiana hivyo. Mama magoti yamepunguza kuuma? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanaamka? Mimi mwili uko sawa, ila usingizi umenihama. Ngoja nikueleze, na usicheke kabla nimalize.

Ile nyumba nilinunua Kakuma, ya yule mwalimu alihamishwa kurudi kwao, ilikuja na mpangaji ndani. Si nilikuwa naona kwa simu watu wa kuuza nyumba wakisema iko na mpangaji ni bahati, maana inakalika? Nikaruka! Wakili Lodwar, sahihi, kwisha. Nikajua nitampa notisi atoke, halafu Nekesa na mtoto watoke kwako waingie. Mimi hapa Lodwar bado nalala chini ya meza ya kutengeneza simu. Mke na mtoto nitawaweka wapi, kwa droo?

Jumamosi nikapanda Kakuma kujitambulisha. Mpangaji anaitwa Mama Nyandeng, mama wa Sudan Kusini, anauza chai na mandazi hapo mlangoni. Nikamwambia, "Habari mama, mimi ndio mwenye nyumba mpya."

Akanimiminia chai. "Mwenye nyumba gani? Mimi sijakula mbuzi yako."

Nikatoa karatasi. Jirani, Mzee Ekai, akacheka. "Hiyo inaliwa? Mwalimu alipoingia hapa alichinja, tukakula wote, tukajua nyumba ni yake. Wewe kijana umenunua kama mtu anaiba!"

Wateja wa chai wakapiga makofi. Mmoja akaniita "landlord ya wakili". Dada, nilichomeka na aibu! Nikaropoka, unanijua, "Basi kesho nachinja!"

Mzee akanivuta kando. "Polepole. Hapa mtaani kwetu, mtu akikula nyama yako ya kuingia, amekuwa wa boma yako. Huwezi kumwambia toka. Atatoka siku anataka mwenyewe."

"Na nikichinja nisimwite?"

"Anakaa hapo. Utachinjia wapi, kwa barabara?"

Nikarudi kwa Mama Nyandeng, nikamuuliza pole pole kama ako na pahali pengine. Akasema kule kambi ya wakimbizi nyumba yake ilishapewa wengine, na hapa wateja wamemzoea. Hakulia, hakuniomba. Nikataka kulipa chai akakataa. "Mgeni halipi." Mgeni! Kwa nyumba yangu!

Wakili anasema notisi itamtoa, sheria iko na mimi. Sawa. Lakini mimi nitakuwa Lodwar kazini, Nekesa abaki Kakuma peke yake na mtoto. Maji ya mtaa inatoka kwa bomba ya Mzee Ekai. Mtoto akipata homa usiku, atagonga mlango ya nani, na wote wanamjua kama bibi ya yule alifukuza Mama Nyandeng? Na nikichinja, nitakuwa mwenye nyumba kweli kweli, na bibi yangu hana pa kulala.

Nekesa bado sijamwambia. Jana kwa simu alikuwa anafunga nguo za mtoto, anaimba. Nikasema network ni mbaya, nikakata.

Salimia mama, shemeji, na yule shangazi wetu wa kuuza mboga. Nekesa mwambie nampenda, hayo mengine nyamaza kwanza.

Wewe umekaa naye, unamjua kuliko mimi. Ungekuwa mimi, ungechinja ama ungepeleka notisi?

Ni mimi ndugu yako wa mwisho,
Wafula