Mistari Tisa ya Januari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nikianza bila salamu utanuna hata huko kaburini Chiola.

Madaftari yako ya mvua hayajaliwa na mchwa. Nimeyaingiza kwenye kompyuta ya shule hapa Ruangwa na kuyatengenezea ukurasa wa mtandao wa kufanyia mazoezi. Mwanafunzi anaona kwenye mchoro mvua za miaka zikipanda na kushuka, anatafuta mwenendo wake, kisha anakisia mwezi unaofuata. Akibofya, anaonyeshwa mvua iliyonyesha kweli na amekosea kwa milimita ngapi. Ungecheka. Wewe ulikisia kwa kunusa upepo, na ulikosea vilevile.

Nakukumbuka saa tatu asubuhi, darasa lako likipiga kelele, wewe umeinama nyuma ya ofisi ya walimu unasoma kipima mvua kama barua ya mchumba. Mimi nilikushikia daftari. Siku moja ulirudi kutoka Nachingwea mjini ukakuta nimeandika sifuri kwa siku mbili ulizokosekana. Ulifuta kwa hasira.

"Somoe, sifuri maana yake nimekwenda nikakuta pakavu. Kama hukwenda, piga mstari. Usimsingizie Mungu."

Nikasahau, Baba. Programu yangu ilikataa mistari, ikataka namba, nami kila palipo na mstari nikaweka sifuri. Nikajiona fundi. Zoezi la kwanza lilitumia miaka mitano tu, Januari mojawapo ikachorwa chini kabisa, na msichana mmoja wa Kilimarondo, hukohuko kwetu Nachingwea, akaguna.

"Madam, kompyuta yako inaongopa. Januari kwetu mito haipitiki, yenyewe inasema mvua kiduchu!"

Nilimbishia, maana mwenye cheti ni mimi. Halafu nikafungua daftari lenyewe. Januari ya mwaka niliokuwa darasa la nne ina mistari tisa mfululizo. Wewe, uliyepima mvua hata sikukuu ya Idi!

Siku hizo nilikuwa nimelazwa na malaria. Kitandani namkumbuka shangazi peke yake, na kwa miaka mingi nilikuwekea kinyongo. Nilipokua nilikutamkia mbele ya wageni kwamba unaipenda mvua kuliko mimi. Ukasema tu, "Mvua hainijibu hivyo," ukaendelea kula.

Nimempigia shangazi simu. Alishangaa nilivyouliza.

"Ala! Baba yako si alikuwa hapo nje, chini ya dirisha? Wodi ya akina mama na watoto, wanaume marufuku, angeingiaje? Siku zote tisa hakuondoka. Akanikataza nisikwambie, eti utadeka."

Nililia pale pale ofisini, mchana kweupe, walimu wenzangu wakinitazama. Ningedeka, Baba. Nilihitaji kudeka. Lakini ulimi wangu ulikuumiza bure, na nimekuja kuomba radhi wakati huwezi tena kusema yamekwisha. Nisamehe.

Programu nimeirekebisha. Sasa inapokea mistari, na wanafunzi wanajifunza kukadiria siku zilizokosekana kwa kutazama siku za jirani. Siku tisa zile tu nimezifunga, hakuna anayeruhusiwa kuzijaza. Huwa wananiuliza sababu.

Nawajibu kwamba mpimaji alikuwa anauguza.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao aliyepona,
Somoe