Baba Anaitaka Kauli Yako

Maskati,
Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Maimuna,

Assalaam alaykum. Marahaba yako hii hapa, ingawa shikamoo umeninyima. Simu zangu hushiki, na Mama asema umenuna, hata chakula hutaki. U mzima lakini? Kile kichwa hakikuumi tena? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Joto la huku latia wazimu, na tajiri wa duka la mapazia kaninyima likizo, kwa hivyo harusini kwako sitakuja. Nimelia, sikufichi. Barua hii nimempa jirani yetu wa Shella anayerejea nyumbani.

Ijumaa ndiyo hunishinda zaidi. Nikikata mapazia ya majumba ya watu namkumbuka Baba Ijumaa zile za mikutano ya upinzani: kofia yake yakaushwa juu ya sufuria iliyofudikizwa, ole wake mtoto atakayeigusa, na mwenyewe yumo bafuni ahutubia. "Mashamba yetu yarudi!" Naye Bhai wa duka la ng'ambo ya kichochoro amjibu, "Yarudi, mzee, lakini na maji uyafunge!" Tulicheka mpaka Mama akatutupia kandambili. Wallahi sikujua kwamba maneno yale yale ndiyo yangemtia ndani, yeye na mwenziwe Mzee Kazungu wa Junju, aliyekuwa akituletea mahindi mabichi. Leo viongozi wetu hao wamo gereza moja huko bara.

Sasa tuje kwenye lako. Najua Ami Salim alitumwa na serikali kuwaambia kwamba Baba akitangaza redioni kuwa ameuacha upinzani na kwamba hakuonewa, atatoka kabla ya harusi. Ukamtuma Mama aniambie nimwombe. Nimemwomba, Maimuna. Jana aliruhusiwa kunipigia simu, nikamwambia, "Baba, sema tu yaishe, Maimuna akungoja." Akasema, "Mwanangu, ulimi niliosemea uongo redioni, ndio nimwozeshe nao binti yangu?" Usimkasirikie. Nami namtaka nyumbani kama umtakavyo wewe.

Halafu akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa. "Kwani mmesahau? Kwenye nikaha biharusi hakai! Watakiwa mume, kadhi, mashahidi na mimi." Kumbe keshayapanga! Mkuu wa gereza kakubali, na kadhi atafuatana na Nabil wako kutoka Kilifi, wakafunge nikaha katika chumba cha wageni. Nabil kasema hata nikaha ingefungwa juu ya mnazi angepanda. Mzee Kazungu, Mkristo wa watu, kajitolea kupiga vigelegele kwa kuwa wanawake hawatakuwapo. Haya, fikiri sauti ile ipige vigelegele! Wewe utakaa nyumbani na hina yako, kama maharusi wote wa Shella.

Limebaki jambo moja. Wakumbuka harusi ya Dada Zuhura, Baba alipoingia chumbani kutaka idhini yake? Dada kajifunika gubigubi, kimya, mashangazi wamfinya, na sisi twachungulia mlangoni. Baba akatoka afuta machozi: "Kanyamaza, basi karidhia." Nilimpenda sana Baba siku ile. Kwako hawezi kuja kuuliza, ndipo akanituma mimi. Nakupa maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie Maimuna, sisi tumefungwa humu ili tunyamaze. Sitaki binti yangu naye aninyamazie. Akitaka, aseme nataka. Asipotaka, aseme sitaki, na hakuna wa kumgusa."

Nisalimie Shangazi, na Dada Zuhura na wanawe, na Bhai na mkewe. Ami Salim mpe salamu nusu, nusu nyingine ingoje hasira zangu zipoe. Mama nibusie mikono.

Jumatatu alfajiri Mama aondoka kwenda kumzuru Baba. Maimuna, usimwache aende na kimya.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Faraji