Beseni, Viatu na Miguu ya Dada Yako

Kibandani kwa Fundi Viatu,
Njia ya Mawe, Mlimani.
Jumapili, mvua ikiwa imekatika.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. U hali gani, na nyumba yote haijambo? Kile kikohozi ulichokuwa nacho ulipopiga simu mara ya mwisho kimekuachia, au bado mnalala kitanda kimoja? Na mgongo je? Sisi huku wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyekufa. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, meno yaliyobaki yanaelewana, na macho yanaona yanachotaka. Ukiona mwandiko unapanda mlima, ujue na mwenyewe ndiko anakoishi.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Hata mimi nashangaa. Sijashika kalamu hivi tangu mwalimu wa darasa la nne aliponishauri niende nikashike nyundo. Nimeamriwa kuandika, na aliyeniamuru amekaa mlangoni anachambua maharage huku akiisikiliza kalamu. Sababu utaiona mbele. Kwanza niache nikasirike kwa utaratibu.

Dada yako amenishinda, shemeji. Soma sentensi hiyo mara mbili kisha uvute kiti.

Unalikumbuka lile ghala la mbao juu ya njia ya mawe, ambalo ulipoondoka lilikuwa limejaa popo? Popo wamehamishwa. Sasa ni makao ya kundi linalojiita Jumuiya. Ni watu wazuri. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewatafutia ubaya nikakosa. Wanaamka kabla ya jogoo, wanakaa kimya mpaka jogoo mwenyewe anaona haya. Wanafundisha watoto na wazee pamoja, kichwa, mikono na roho kwa mpigo mmoja. Wanasema elimu ni ya mtu mzima mzima, si ya nusu. Mimi niliyesoma nusu nikageukia soli yangu. Mgonjwa akizidiwa, wao ndio wanaombeba kwa machela hadi zahanati bondeni. Mjane wa seremala wamemwezekea paa wala hawakunywa hata chai yake. Watu wa namna hiyo utawatukana vipi?

Jambo lao moja tu ndilo linaloninyima usingizi: hawavai viatu.

Wanasema mguu mtupu unazungumza na ardhi. Fikiria, shemeji. Mimi fundi viatu, maisha yangu yote nimekaa kwenye kona hii ya njia, na kila asubuhi kundi zima linapita mbele ya kibanda peku, linanipungia mkono, linaniambia, "Amani, mzee." Amani ipi? Soli zimekauka ukutani, gundi imeganda mkebeni. Lakini riziki ni jambo langu na Mungu, tutaelewana. Ninalolalamikia ni miguu ya dada yako.

Maana na yeye amejiunga. Amevua viatu, akavipanga chini ya kitanda kama watoto waliolala, na sasa anapanda na kushuka mawe yale peku, na sukari yake ile ile unayoijua.

Sihitaji kukueleza habari za sukari na miguu. Mama yenu alianza na kidonda kidogo kama punje ya mahindi. Mimi na wewe ndio tuliomlaza kitandani siku aliporudishwa na mguu mmoja. Muuguzi wa zahanati amemweleza dada yako taratibu, kama anavyoelezwa mtu mwenye akili: nyayo zimekufa ganzi, utakanyaga kitu usijue, na kidonda kikishaingia kutoka ni kazi, kwa hiyo usiende peku hata chooni. Dada yako akasema, "Asante sana, mwanangu," akatoka, akavua viatu pale pale mlangoni kwa muuguzi, akavibeba mkononi hadi nyumbani.

Nikapanda kwa mkuu wao. Watu wanamwita Mlezi; mimi namwita Polepole, kwa sababu akianza neno unaweza kwenda kuteka maji, ukarudi ukamkuta nalo. Nikamwambia mke wangu ataozea mikononi mwake. Akanishika bega, akafumba macho. "Mzee... hapa... hatumlazimishi... mtu." Na kweli, kumbe alikuwa ameshamsihi avae. Dada yako alimjibu kwamba wao wenyewe wanafundisha hiari, na hiari yake ndiyo hiyo. Nikateremka mlima sina hata mtu wa kugombana naye.

Basi nikabaki na beseni. Kila jioni dada yako akirudi, namkalisha kwenye kigoda, natia maji vuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko, naosha miguu, nakausha katikati ya vidole. Kisha navaa miwani, nawasha tochi, naanza kukagua, kama ninavyokagua kiatu kilicholetwa na mteja mwongo. Juzi juzi nilitoa kipande cha chupa kisiginoni. Amekitembelea kutwa nzima, shemeji! Alikuwa ananisimulia habari za bustani yao, anacheka, na mimi nimekishika kile kipande kwenye mwanga wa tochi. Nikamwonyesha. Akasema, "Ala! Kumbe." Kumbe! Basi, ikaisha hapo, akaendelea na bustani.

Sasa sikia balaa. Jirani yetu mshona nguo, naye ni wa Jumuiya, aliingia kuazima ungo akatukuta: mimi nimepiga magoti, mguu wa dada yako uko pajani, sisemi kitu. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimebana sindano kwa meno. Mshona nguo akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga, akaondoka kinyumenyume bila ungo. Kesho yake Polepole yuko kibandani kwangu.

"Mzee, tumesikia una ibada ya miguu."

"Natafuta miiba," nikamwambia.

"Naam," akasema, macho ameyafumba. "Sote tunatafuta miiba yetu."

"Mimi natafuta ile inayochoma, bwana!"

"Hiyo hasa," akasema. "Hiyo hasa."

Nilikuwa na nyundo mkononi, shemeji. Mungu anajua nilivyojizuia.

Kumbe wana desturi yao. Kila juma mtu mmoja anafundisha anachokijua, na mwisho wa somo anatoa zoezi ambalo wote, Polepole akiwemo, hulifuata hadi somo lijalo bila kuuliza. Wakataka nifundishe kuosha miguu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae. Kisha lile neno "bila kuuliza" likanirudia sikioni, nikakubali upesi mpaka Polepole akafumbua macho.

Nikaoga, nikapanda. Nikamkalisha mwashi mbele yao, mtu mwenye visigino vilivyopasuka magaga ya kunolea kisu. Nikawaonyesha kiwiko, nikawaonyesha katikati ya vidole, nikawaeleza habari ya sukari bila kuficha, na kusema kweli walisikiliza vizuri. Halafu nikatoa zoezi. Nikasema juma zima kila mtu avae viatu, toka kitandani hadi kitandani, ili mguu uonje upweke. Maana yake siijui mpaka leo. Nililiokota hapo hapo kwenye ncha ya ulimi. Wote wakafanya "mmmm", kama ng'ombe waliopata chumvi.

Wakavaa! Polepole alitokeza na viatu vya kamba vya enzi zake za ofisini, vinalia kwii kwii kwenye mawe. Mshona nguo alivaa vya marehemu mumewe. Mwashi hakuwa navyo kabisa, akaja kupimwa, nikafungua mkebe mpya wa gundi. Mlima mzima ukavaa viatu isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja anakula sahani moja na mimi.

"Mama, zoezi limetolewa," nikamwambia.

"Limetolewa na nani?"

"Na mwalimu."

"Mwalimu namjua. Anakoroma."

"Wenzako wote wametii."

"Wenzangu hawajaishi na wewe. Zoezi lile hukulipata kwenye ukimya, mzee. Umelipata kwenye ujanja."

Nikawaka. Nilisema mengi ambayo sitayaandika, maana najua wajukuu ndio wanaokusomea barua. Nikalipiga beseni teke, maji yakaenda hadi uvunguni yakaviosha vile viatu vilivyolala. Nikamwuliza, unataka tukuzike kipande kipande kama mama yako? Hapo akainama, akaliinua beseni. Halafu akasema, wala hanitazami:

"Nikivaa viatu, utaacha."

"Nitaacha nini?"

"Beseni."

Anasema tangu avue viatu ndipo nilipoanza kumshika miguu. Kabla ya hapo nilikuwa narudi kutoka kibandani nimeshashika miguu ya dunia nzima, nakula, nageukia ukuta. Anasema wenzake kule ghalani wanafumba macho kuutafuta utulivu, yeye wake anaupata kwenye kigoda, maji yakiwa vuguvugu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ungeniosha mara moja, ukaenda kusimulia kibandani."

Shemeji, umewahi kusikia mambo ya namna hii? Mtu anauza mguu wake kwa beseni la maji! Angelitamka tangu mwanzo, mimi nisingepanda mlima kufundisha watu wazima kuoga. Nina hasira hadi sasa ninapoandika. Na kinachonikera zaidi ni kwamba nilijikuta nimepiga magoti na kitambaa, nakausha uvungu niliouloanisha mwenyewe.

Nikamwahidi sitaacha. Akaikataa ahadi. Anasema ahadi zangu za mdomo huisha soli mapema. Anataka iandikwe, tena ikae kwa mtu aliyekuwa shahidi wa ndoa yetu, ambaye ni wewe. Ndiyo maana ya barua. Haya, pokea:

Mimi, fundi viatu, mume wa dada yako, nikiwa na akili zangu, zile zilizobaki, naahidi kumwosha miguu kila jioni, awe na viatu asiwe navyo, awe na kidonda asiwe nacho. Nitamwosha hata tukiwa tumegombana. ("Andika na ukiwa umenuna," anasema huyu wa maharage. Haya: hata nikiwa nimenuna.) Yeye kwa upande wake atavaa viatu toka kitandani hadi kitandani, si kwa juma la zoezi bali siku zake zote, na kule ghalani atavivua akiwa ameketi tu. Yeye akivunja, nitakuita. Mimi nikivunja, atakuita yeye, na nauli utajua mwenyewe.

Viatu nimeshavishona. Ngozi laini, ndani hakuna mshono hata mmoja wa kumsugua, mbele vipana kama mkate ulioumuka. Havipendezi. Niliviweka juu ya meza, akavitazama, akasema vinafanana na mimi.

Nisalimie mke wako, mwambie mitishamba yake niliinywa nikapata maradhi mengine. Nisalimie mjukuu wako Kibonge, ambaye nasikia amekonda na sasa jina linamsengenya. Shangazi yenu wa bakora mwambie bado namwogopa. Na mkweo mwalimu mpe salamu tu, barua usimpe, atatafuta makosa. Mungu akutunzie pumzi, akulainishie mgongo, na jioni ya kila siku asikukoseshe mtu wa kukuuliza umeshindaje.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye hata ukichelewa kujibu,

Fundi Viatu.

Nimesahau: usichelewe kujibu. Ameisoma hadi hapo kwenye jina. Anasema matusi ni mengi, lakini ahadi ameiona. Ameingiza mguu mmoja kwenye kiatu. Wa pili, anasema, unangoja neno lako kwamba umeipokea na utaitunza. Sasa hivi namsikia anakwenda jikoni na maharage yake: kiatu, unyayo, kiatu, unyayo. Andika upesi, shemeji.