Neno la Mbele ya Jina Lako

Papa wangu,

Leo nimekuota nikiwa macho, kwenye duka la kuchapisha kadi huku Mbarara, mtaa wa Nyamityobora. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu, nikakuona kule kwetu Fizi, Kongo, unamenya mihogo, mimi na mdogo wangu Furaha tumekaa miguuni pako. Unaturushia maneno ya Kiingereza uliyookota redioni, sisi tuseme ni ya aina gani. Water? Jina. Eat? Kitenzi. Hungry? Nikajibu jina, maana kwa Kiswahili mtu ana njaa, na kwa Kifaransa pia anayo, kama mtu mwenye kikapu. Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka.

"Mu Kiingereza njaa haibebwi, mwanangu. Iyo ni kivumishi. Kinamukamata mutu mwenyewe."

Siku ya kukimbia vita ulitupandisha kwenye lori, ukasema: "Mutangulie. Miye nitachelewa kidogo."

Neno hilo nililileta mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda. Katika darasa la Kiingereza la jioni pale Misiera, mwalimu akataka sentensi yenye neno late, yaani kuchelewa. Nikasimama na maringo yangu: my late father is in Congo. Kivumishi, nikaongeza. Mwalimu akanipa pole. Jirani yangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba late ikikaa mbele ya baba, baba huyo ni marehemu. Aina ya neno nilipatia, baba nikamkosa.

Nina kinyongo na wewe, sifichi. Furaha nimemlea mimi, kwa maharage niliyouza soko la Rwekubo mpaka nikapata duka langu. Hesabu zangu zote hutoka sawa, isipokuwa yako. Hadi leo, gari likishusha wageni kambini, naangalia miguu kwanza, nikitafuta mwendo wako.

Jumamosi Furaha anaolewa. Njiani kuja huku aliniambia mimi dada yake, "Yaya, tumuandike tu marehemu. Batu baache kuuliza." Sasa mama mwenye mashine akauliza bila kuinua macho:

"Mzee yenu ni late?"

Furaha akanitazama. Nilijua neno moja tu lingetosha, na ungekuwa umezikwa kwenye kadi nzuri yenye maua.

"Hapana," nikasema. "Amechelewa."

Mama yule akanishangaa, kwake ni kitu kilekile. Nikamwandikia jina lako kwenye karatasi, peke yake, mbele yake hakuna kitu. Furaha akalisoma polepole, kisha akanishika mkono.

Kivumishi kinamkamata mtu, ulisema. Lakini kwetu kuchelewa ni kitenzi, Papa, na mwenye kuchelewa bado yuko njiani. Kiti chako nitakiweka karibu na mlango, kama kule kanisani, ulipokuwa ukiingia wimbo wa pili umeshaanza na mama yetu anajifanya hakujui.

Ni mimi niliyetangulia,
binti yako mkubwa