Jembe Lililotoka Kaburini Mwako

Mjomba,

Kile kifaa chako cha kutafutia vyuma kiko hapa Matisi, nyuma ya mlango wa chumba changu. Mama alisema nikae nacho kwa sababu hakuna mwingine anayejua kukishika. Betri nimezitoa, kama ulivyonifunza. Sijakiwasha tangu tukuzike.

Watu wa Kiminini bado wanauliza habari zako. Yule mama wa mboga mkabala na kibanda chako cha kutengenezea redio aliniambia anakosa mtu wa kumtania. "Fundi, umechimba dhahabu leo?" Nawe: "Nimepata kizibo cha soda, nikukatie nusu?" Alicheka akinisimulia, kisha akafuta macho kwa leso.

Kuna jambo sijui nikuambie vipi. Acha niseme tu. Pale Bungoma, nyuma ya jiko la mama yako, Kukhu, mahali kifaa kilipolia mpaka ukavua kofia, ndipo walipochimba kaburi lako.

Unakumbuka Kukhu alivyotutimua siku ile? "Hapo palikuwa nyumba ya mama mkwe wangu. Mtachimbaje kwa mwenyewe kama wezi?" Ukazima kifaa, ukasema sawa Mama, tutangoja wazee wakae waamue. Mimi nilinuna. Njiani ukaniambia kwamba kitu cha kale kikishang'olewa ardhini, nusu ya habari yake inabaki shimoni. Ukikipeleka nyumbani bila kujua kilivyolala, umebeba chuma chakavu tu.

Wazee hawakukaa. Ulianza kuugua, na mimi nilikuwa na mitihani.

Vijana wakichimba, nilitumwa kuwapelekea uji. Binamu Wafula akagonga kitu, akakiinua. Jembe, Mjomba. Si la dukani. Bapa kama jani, na mkia mrefu wa kupenyezwa kwenye mpini. "Ati Fundi amepata dhahabu yake, bana!" Wakacheka wote, halafu mmoja akaanza kulia humo humo shimoni.

Nilijua la kufanya. Kupima kina, kuchora, kuacha udongo uling'ang'anie. Lakini msichana atawaambiaje wachimba kaburi wangoje, na jeneza liko njiani kutoka mochari? Nilisimama na birika langu. Wafula akaligonga jembe kwenye jiwe ili udongo utoke, mkia ukakatika. Wakalipokezana. Mwishowe mzee mmoja akasema kilichotoka kaburini hakiingii nyumbani, nalo likarudishwa pamoja na udongo. Sikuona liliangukia wapi. Watu walikuwa wakiimba.

Nilimweleza mwalimu wa historia. Alitaka kujua lilikuwa kina gani, na udongo wa hapo ulikuwa wa rangi gani. Sikuwa nimepima wala kuangalia. Nikamuuliza Kukhu lilikuwa la nani. "Sijui, mjukuu wangu. Niliolewa hapa nikiwa msichana mdogo, nikaogopa kuuliza." Nilimtazama sana. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi tu katika ukoo huu ninayeogopa kufungua mdomo.

Baada ya matanga familia ilikaa. Wafula alisema ataleta trekta kutoka Moi's Bridge, ilime nyuma yote mpaka ukingoni mwa kaburi, ipandwe mahindi. Wajomba wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama. Nikasema msilime hapo, kuna nyumba chini.

"Nyumba gani, we Nafula? Si sisi tunaona nyasi?" Wafula akauliza.

Nikaeleza vibaya, nikirukaruka, mara jembe, mara udongo, mara mama mkwe wa Kukhu. Nikakwama. Kisha Kukhu akasema, "Trekta ipite upande ule wa mtoni. Hapa ng'ombe watakula." Wafula akaguna, lakini hakubisha.

Jembe halitatueleza lolote tena. Ningesema neno moja tu pale shimoni, huenda leo tungejua kitu. Hilo litaniuma daima. Lakini chochote kingine kilichomo hapo chini bado kimelala kilivyowekwa, na nakuahidi sitakigusa mpaka nisome vya kutosha, nirudi na watu wanaojua kazi hiyo, tena kwa ruhusa ya wenye boma.

Lala salama, Mjomba. Nikiwa hai, hakuna jembe la trekta litakalopita hapo ulipo.

Mpwa wako,
Nafula