Popo Uliyeniachia

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Kabla sijakutukana, pokea habari njema. Mdogo wako ana bahati ambayo Durban nzima haijawahi kuiona. Kile chombo chako cha maua kimenunuliwa, na mimi nimehama Albert Park. Sasa naishi Berea, juu kabisa, kwenye veranda ambako natazama meli zikiingia bandarini nikiwa na kaptula tu. Majirani wananiita bosi. Mimi, niliyeacha shule kabla haijaniacha, niliyelala Lusaka, Dar na Maputo bila kulipia kitanda! Ungeniona, wivu ungekuua.

Lakini umeshakufa, na ndiyo maana nimekasirika.

Unakumbuka siku ulipokileta? Duka la vitu vya kale ulikokuwa ukichomelea mataa na miguu ya vitanda lilikuwa linafungwa, mwenyewe akakupa kile chombo kama asante. Lifti ilikuwa imekufa, ukapanda nacho ngazi zote umekikumbatia kama mtoto mwenye homa. Nikakucheka: "Yaya, umeleta sufuria ya babu yao Wachina?"

"Nyamaza, mjinga. Shika uzito wake kwanza."

Nikashika. Ukanikalisha chini, wewe uliyejifunza kufua shaba kule kwetu Likasi, ukaniambia hii ni bronzi, shaba iliyotiwa bati. Fundi alikichonga kwanza kwa nta, kila wingu, kila gamba la joka. Akakifunika udongo, akachoma, nta ikakimbia, bronzi ikaingia mahali pake. Kisha akauvunja udongo. "Kwa hiyo cha pili hakuna," ulisema. Kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na ukanikataza kukisugua: "Hiyo rangi ni umri wake. Ukiing'arisha, umekiua."

Na shingoni walizunguka popo watano, mabawa yamejikunja kama mawingu. Ukasema kwa Wachina popo ni heri: maisha marefu, mali, afya, moyo mwema, na kufa kwa uzee kitandani pako. Nikauliza kwa nini wasiweke njiwa kama watu wenye akili. Tulicheka mpaka mkeo, Mama Clarisse, akatutupia kandambili.

Halafu kikaja kifua. Mama Clarisse akasema kliniki. Mimi nikasema kliniki, nikaleta na taxi mpaka mlangoni. Wewe ukamsikiliza nani? Yule mtu wa maombi mwenye viatu vyeupe, aliyeingia, akakiangalia chombo, akasema: "Popo iko ndani ya nyumba? Basi ndiyo inakunywa pumzi yako."

Eish, yaya! Wewe! Wewe uliyenifundisha maana yao! Ukachukua tupa yako ya kusugulia chuma. Kila baada ya maombi ukamkwangua popo mmoja. Kikohozi kikazidi, ukamkwangua mwingine. Nikakupigia kelele: "Ni shaba hiyo! Haipumui!" Ukanijibu bila kunitazama: "Wewe hujawahi kuogopa kufa. Niache."

Nikakuacha. Ulimaliza wanne. Wa tano yupo bado, chini ya mpini wa joka, kwa sababu nguvu zilikuishia hapo. Sasa nijibu: huyu uliyeniachia ni yupi? Ni mali? Mbona simwoni akifanya kazi! Ungekuwa karibu ningekutikisa mpaka meno yadondoke. Binti yako Clarisse ananiletea mimi hisabati zake, fikiria, mimi! Namjibu kwa sauti kubwa ili asijue kwamba sijui. Ile ilikuwa kazi yako.

Juzi nilikipeleka kwa mama mmoja mzee, muuza vitu vya kale kule Berea. Akapitisha kidole shingoni.

"Nani amefanya hivi?"

"Kaka yangu."

"Alikuwa na hasira?"

"Alikuwa na hofu."

Akasema si kitu, ana fundi wa kubandika popo wapya na kufuta makovu, hakuna mtu atakayejua. Nikayatazama yale makovu kwenye mwanga wa dirisha lake. Yaya, hata kuharibu uliharibu vizuri. Mistari ya tupa imelala upande mmoja, imenyooka, hakuna hata mahali ulipoteleza ukagusa wingu. Pumzi huna, mikono inatetemeka, na bado ni fundi! Ndiyo kazi yako ya mwisho duniani, mshenzi wewe, na huyu mama anataka kuifuta. Nikamnyang'anya chombo. Nikateremka nacho mpaka mjini kwa miguu, nikasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nikilia, taa ikabadilika mara ngapi sijui, magari yananipigia honi.

Lala, yaya. Nitakusamehe nikizeeka, kama huyu popo aliyebaki ndiye yule wa miaka mingi.

Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Sijahamia popote. Chombo kiko hapa mezani, Albert Park, na mimi sina bahati yoyote.

Mdogo wako, yule wa mdomo