Loishiye Alivyopimwa Hesabu

Nalepo, nimetoka kwa bibi sasa hivi, mbavu sina! 😂

Kumbe baba yake, yule Loishiye tunayejivunia, nusura aifelishe shule nzima enzi za Mjerumani!

Mkaguzi wa Kijerumani kaja na wenzake kupima maendeleo. Mwalimu kamsimamisha Loishiye, kichwa cha darasa.

Mkaguzi akamuuliza, "Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Akagoma! Si unajua kwetu ukihesabu kilicho hai umekiitia kifo? Mwalimu jasho linamtoka.

"Basi hesabu wanafunzi wenzako."

Awaue wenzake? NG'O!

Mkaguzi akafoka, "Hesabu chochote unachotaka!"

Weee! Loishiye akatabasamu, akawageukia Wajerumani. Akamnyooshea kidole mkaguzi: "Mmoja." Akaendelea na wale Wajerumani wengine, taratibu, hakumruka hata mtu.

Na mkaguzi akampigia makofi! 😭